Vifaranga Hamsini Juu ya Chungu cha Makande

Tangu nirudi Same siku nne zilizopita sijanywa kikombe cha chai kwa amani. Nikikaa tu, mtu anavuta kigoda na kuuliza, "Bwana Mifugo, ni kweli uliwanyang'anya watu chakula huko Ugweno?" Sikumnyang'anya mtu. Chakula kilipigiwa kura, na kura zilihesabiwa mbele ya watu. Lakini kwa kuwa kila mmoja wenu ana habari yake, na habari zote zinanifanya mjinga kuliko nilivyokuwa, nimeona niandike mwenyewe safari yote. Someni, kisha mniache ninywe chai.

Kwa wale wasionijua vizuri, mimi ni Eliamani, mtoto wa mkata mkonge, na ada ya shule niliilipa kwa kukata mkonge huo huo likizo baada ya likizo, mpaka mikono ikawa migumu kama kwato. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilifaulu, nikapata nafasi ya kwenda Denmark, nikakaa huko majira mawili ya baridi, nikarudi na diploma ya ufugaji wa kuku. Katika wilaya nzima ya Pare mwenye diploma ya kuku ni mmoja, na ndiye anayewaandikia.

Huko Denmark nilikwenda shambani kila alfajiri kwa baiskeli, theluji imefika kwenye ekseli. Wenyeji walinifundisha kuvaa: gazeti chini ya shati kifuani na mgongoni ili upepo usipite, sufu juu yake, soksi mbili mbili, masikio yafunikwe. Sikuumwa hata kikohozi. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba mimi na baridi tumeshamalizana.

Sasa safari yenyewe. Shangazi yangu Nakiete, dada wa baba, ameolewa Shighatini, juu milimani Ugweno, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama katika kijiji cha ujamaa cha huko. Akina mama hao waliahidiwa vifaranga hamsini wa kisasa, waliototolewa kwa mashine. Waliambiwa wazi kwamba hao wa kwanza wakifa, kundi la pili litapelekwa kijiji kingine. Kwenye mkutano wa kijiji wakatokea watu wa kusema kuku wa mashine hawawezi kuishi mlimani. Shangazi akasimama, akasema, "Mtoto wa kaka yangu atawaleta wakiwa hai. Wakifa, naachia uenyekiti siku hiyo hiyo."

Alisema hivyo bila kuniuliza. Niliposikia, nilifurahi sana. Hivyo ndivyo mtu anavyosemewa akiwa na diploma.

Kutoka stesheni ya Same

Vifaranga walishuka kwenye treni asubuhi ya mwezi wa saba, ndani ya boksi lenye matundu, wana umri wa siku moja. Naomba mjue jambo moja kuhusu kifaranga wa siku moja, maana bila hilo hamtaelewa nilichofanya baadaye. Hataki chakula wala maji kwa siku mbili, kwa sababu bado anaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Anachotaka ni joto, kama lile la chini ya bawa la mama. Akilikosa kwa muda mrefu, anakufa.

Lori tulilolitegemea lilikuwa limekalia mawe, gurudumu moja limepelekwa Moshi kuzibwa. Kungoja maana yake ni kungoja hadi kesho, au kesho kutwa. Nikasema nitawapandisha kwa baiskeli, na kabla jua halijazama watakuwa Shighatini.

Nikaenda nyumbani kuvaa. Fulana. Magazeti mawili kifuani, mawili mgongoni, yamefungwa kwa kamba kiunoni. Shati. Sweta la sufu. Koti langu zito la Denmark lenye vifungo vya mbao. Soksi jozi mbili, glavu, na kofia ya sufu inayoshuka hadi chini ya masikio. Nilipotokea stesheni kuchukua boksi, wapagazi waliacha kupakua mizigo.

Saidi, yule mpagazi wa Tabora mnayemjua kwa mdomo wake, alinizunguka mara mbili. "Bwana Mifugo, unakwenda wapi? Mwezini?"

"Shighatini."

"Shighatini wanavaa hivyo?"

"Saidi, watu wa bondeni hamjui baridi. Baridi ni elimu."

"Naona," akasema. "Wewe umeelimika mpaka masikioni. Hata nikikutukana husikii."

Kweli sikusikia vizuri, kwa sababu ya kofia, lakini niliona wenzake wanacheka. Nikafunga boksi kwenye keria kwa mipira, vifaranga wakawa wanalia piyo piyo nyuma yangu kama wanaonishangilia, nikaondoka kwa heshima zote.

Same hadi Lembeni

Upepo ulikuwa mgongoni na baiskeli ilikwenda yenyewe. Niliimba. Nyimbo za kwaya, nyimbo za mkonge, na wimbo mmoja wa Kidenmaki ambao maana yake siijui mpaka leo. Kila niliyempita alisimama kuniangalia, nami nilikuwa nampungia mkono wenye glavu.

Kufika nusu ya njia jua lilikuwa limechangamka na mimi ndani ya koti nilikuwa nachemka. Mtu mwingine angevua. Lakini wale wapagazi walikuwa wameniona navaa, na treni ya mizigo ilikuwa inakuja nyuma yangu sambamba na barabara. Je, ingekuwaje mtu akichungulia na kwenda kumwambia Saidi kwamba Bwana Mifugo amevua kabla hata ya Lembeni? Nikakaza pedali. Jasho likaanza kutiririka mgongoni, likanywewa na gazeti. Nikafurahi kwamba gazeti linafanya kazi.

Lembeni niliingia nimelegea, uso umeiva kama nyanya. Chini ya kibanda cha mabati kulikuwa na mama anayeuza chai na mihogo ya kukaanga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani. Niliegesha baiskeli nyuma ya kibanda, nikamwamkia, nikaomba chai. Hakunipa chai. Aliniangalia kofia, akaniangalia glavu, akaniangalia jasho linalodondoka kwenye kidevu.

"Mwanangu, umeanza lini?"

Nikadhani anauliza safari. "Asubuhi hii, mama."

"Na inapanda au inashuka?"

"Mpaka sasa ni tambarare. Itapanda baada ya Mwanga."

"Jamani!" akamgeukia jirani yake. "Anajua hata itapanda saa ngapi. Mama Joisi, lete ile ya kwenye chupa."

Ikaletwa chupa ya mwarobaini uliochemshwa, mweusi kama mafuta ya gari. Nilipoanza kueleza kwamba sina homa, kwamba hili ni vazi la kitaalamu, alinishika paji la uso kwa kiganja akasema, "Linaunguza. Sasa anaweweseka." Na hapo hapo vifaranga wakaanza kulia kwa nguvu nyuma ya kibanda. Mama yule akanyanyua kidole. "Unasikia sauti za ndege, mwanangu?"

"Nasikia, mama. Ni wangu."

"Kunywa."

Nilikunywa. Kikombe kizima, kwa sababu wanawake wawili walikuwa wamesimama mbele yangu na mmoja ameshika mwiko. Ndipo nikawapeleka nyuma ya kibanda nikawafungulia boksi. Walicheka mpaka mama yule akakaa chini kwenye gunia la mkaa. Akanipa chai ya bure na sahani ya mihogo, ila mdomo wangu ulikuwa umekufa kwa uchungu, na mihogo ile ningeweza kuambiwa ni sabuni nikakubali.

Lakini kufungua boksi kulinisaidia. Vifaranga walikuwa wametawanyika hadi kwenye kona, midomo wazi, wanahema. Kifaranga akihema hivyo, joto limezidi. Nikawaweka kivulini penye upepo mpaka walipotulia, nami nikavua koti, sweta, glavu na kofia, nikavifunga kwenye usukani. Magazeti niliyaacha. Mtu hawezi kuvua magazeti mbele ya akina mama wa Lembeni.

Mwanga kwenda juu

Baada ya Mwanga barabara inaachana na bonde na kuanza kupanda, inazunguka na kuzunguka kama inatafuta kitu ilichokiangusha. Nilikanyaga mpaka kona ya kwanza. Kona ya pili nilisimama juu ya pedali. Kona ya tatu nilishuka nikasukuma, na tangu hapo nilisukuma kuliko nilivyopanda, nikitokwa jasho upya juu ya lile la zamani.

Hapa niseme ukweli ambao hakuna aliyenifundisha. Denmark ni tambarare kama meza. Hakuna mlima. Mtu hapandi akalowa, kwa hiyo gazeti lake linabaki kavu kutwa nzima. Mimi nilipofika mahali ambapo ukungu unaanza, nilikuwa nimevaa kilo kadhaa za uji wa karatasi. Kisha jua likazimika kama mtu amefunga mlango, manyunyu yakaanza, na upepo wa Ugweno ukanikuta nimelowa kutoka ndani.

Nikavaa kila kitu tena. Sufu juu, uji chini. Haikusaidia, ilikuwa kama kumvalisha chura koti.

Ikaja sehemu ambapo barabara inateremka kidogo kabla ya kupanda tena, na nikapanda baiskeli kwa furaha. Marafiki, msifurahie mteremko mkiwa mmelowa. Kupanda kunachosha lakini kunapasha moto. Kuteremka mtu amekaa tu, miguu haifanyi kazi, na upepo unamfuata mpaka mifupani. Meno yalianza kugongana. Vidole havikujua tena breki iko wapi. Nilicheka peke yangu kwa sauti, maana nilikuwa nimepita majira mawili ya theluji katika nchi ya watu, na sasa nilikuwa naganda kilomita chache kutoka nyumbani kwa shangazi, nikiwa bado naona migomba.

Ndipo nikagundua kwamba nyuma yangu wamebadilisha sauti. Haikuwa piyo piyo ya furaha tena. Ilikuwa kilio kikali, cha juu, kisichopumzika. Nikasimama, nikafungua kifuniko. Walikuwa wamesongamana kwenye kona moja, wamepandiana, na wa chini hawakuonekana. Hivyo ndivyo vifaranga wanavyokufa kwa baridi: kabla baridi haijawaua, wanauana wenyewe kwa kutafuta joto.

Niliwatenganisha kwa mkono. Wakarudi kona ile ile. Nikawatenganisha tena, nikavua koti nikafunika boksi, nikasukuma mbio kupanda kona iliyofuata. Na nyuma ya kona hiyo barabara ilikuwa imefungwa kwa gogo.

Msaragambo

Wengi wenu mmekulia bondeni, kwa hiyo nitaeleza. Sisi Wapare tuna msaragambo, kazi ya wote kwa manufaa ya wote. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu, na barabara, mfereji au shule inajengwa. Kabla serikali haijatuambia habari za ujamaa tulikuwa tumeshachoka nayo. Mvua za masika zilikuwa zimekula barabara, na siku hiyo watu walikuwa wamegawana vipande, kila kipande watu wake na chungu chake cha makande. Na desturi haina mjadala: mpita njia mwenye nguvu zake hapiti mpaka achimbe kidogo.

Kipande kile kilikuwa na watu kumi na wawili, na msimamizi wao alikuwa mzee mwembamba mwenye koti kuukuu la askari lililofungwa vifungo hadi shingoni. Jina lake Mzee Mcharo. Niliruka salamu zote isipokuwa moja.

"Shikamoo, mzee. Nina haraka, nina vifaranga—"

"Marahaba. Jembe lile pale."

"Mzee, hawa watakufa. Ni wa akina mama wa Shighatini."

Akaja kuangalia ndani ya boksi bila kukunjua mikono. "Ndio hawa wa mashine? Mimi nilisema kwenye mkutano. Kuku asiye na mama hakai mlimani. Wewe ndiye Diploma, mtoto wa kaka yake Nakiete?"

"Ndiye mimi."

"Amekusifu kweli kweli. Chimba, Bwana Diploma. Kutoka jiwe hili hadi jiwe lile."

Nikachimba. Sijawahi kuchimba hivyo hata kwenye mkonge. Na nisiwafiche, baada ya majembe ishirini damu ilirudi vidoleni na meno yakanyamaza. Niliona raha. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nachimba, vifaranga hawachimbi, na kilio chao kilikuwa kimeanza kupungua. Kifaranga aliyeganda akinyamaza, si kwamba ametulia.

Nilitupa jembe. "Jamani, nisaidieni. Nahitaji joto. Kitu chochote cha moto kinachoweza kukaa kwenye baiskeli."

Walikuwa watu wema, walijaribu. Mmoja akasema makaa. Mwingine akasema makaa yataunguza boksi. Mmoja akatoa shati lake, ambalo lilikuwa limelowa kuliko langu. Ndipo mpishi wao, mama wa makamo aitwaye Namkunda, aliyekuwa amechuchumaa kwenye mafiga, akasema bila kugeuka:

"Chungu hiki nikikifunika vizuri, mpaka jioni bado kinaunguza ulimi."

Watu wote wakakiangalia chungu. Makande ya mahindi na maharage, yalikuwa yameiva sasa hivi. Mnajua nyinyi wenyewe: mchele ukiepuliwa unapoa, ugali unapoa, lakini makande yanashika joto kama chuki.

"Hapana," akasema Mzee Mcharo.

"Mzee—"

"Watu kumi na wawili wamechimba tangu asubuhi kwa baridi hii. Chakula chao kikapande baiskeli, wao wabaki na nini? Harufu? Kwa ajili ya kuku wasio na mama?"

Kwa kweli alikuwa na haki. Namkunda ndiye aliyejibu. "Basi tupige kura. Si ndivyo mnavyotuambia kila siku, mambo ya wote yaamuliwe na wote? Anayetaka chungu kiende, anyooshe jembe juu."

Majembe saba yakanyooka juu. Mmoja wa saba hao alikuwa kijana aliyeonekana anaumia sana, akiangalia chungu huku ananyoosha.

Mzee Mcharo alihesabu mara mbili. "Saba," akasema. "Sawa. Chakula kinakwenda. Lakini nani kasema mimi nakaa? Kikienda, naenda nacho. Sikitoi machoni."

"Na mimi," akasema yule kijana upesi. Wakasema wote.

Chungu kwenda Shighatini

Namkunda ndiye aliyefunga, na hapa nilikaa pembeni na diploma yangu. Alifunika chungu kwa majani ya mgomba na kukandika ukingo kwa udongo ili mvuke usitoke. Akakiweka ndani ya tenga, akakizungushia majani makavu ya mgomba, mengi, yaliyotolewa chini ya shina ambako mvua haifiki. Juu yake tabaka lingine la majani makavu, unene wa kiganja, kisha boksi la vifaranga, kisha koti langu juu ya vyote. Tenga likafungwa kwenye keria kwa mipira yangu na kamba zao. Halafu akanigeukia.

"Na wewe, mbuya," yaani rafiki, "hiyo takataka kifuani uitoe."

Nikayavua magazeti nyuma ya mgomba, yakitoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Namkunda akanipa majani makavu kama yale yale, nikajaza ndani ya shati mbele na nyuma. Yalikuwa yanachoma na kupiga kelele nikipumua, lakini kwa mara ya kwanza tangu nianze kupanda nilijisikia mkavu.

Tukaondoka. Mimi nimeshika usukani, wawili wanasukuma tenga, mmoja kila upande anazuia lisiegemee, na waliobaki mbele na nyuma na majembe mabegani. Kila baada ya kona nilipenyeza mkono kati ya majani na boksi. Pakipata moto sana tuliongeza majani, pakipoa tulipunguza. Mara ya kwanza nilipofungua kifuniko, wale wa kona walikuwa wameanza kuachana. Mara ya pili walikuwa wametawanyika, wanapiga kelele ndogo za kawaida. Nikapaza sauti, "Wanatawanyika!" na watu ambao hawakujua maana yake wakashangilia.

Njaa ndiyo iliyotukimbiza. Manyunyu yalikuwa yanatupiga usoni, lakini hakuna aliyetaka kutembea, kwa sababu harufu ya maharage ilikuwa inapenya ule udongo kidogo kidogo na kukaa puani mwa kila mtu. Tulipanda mbio. Mtu akaanzisha wimbo wa kulima, wengine wakaitikia, na miguu ikafuata. Tulipopita kipande kingine cha msaragambo watu wakauliza kwa sauti, "Mnakwenda wapi na majembe?"

"Tunafuata chakula!" akajibu yule kijana.

"Chakula kiko wapi?"

"Kimekaliwa na kuku!"

Wakadhani anatukana. Baadhi yao walitufuata kuona, na mimi sikuwazuia. Kadiri tulivyokuwa wengi ndivyo baiskeli ilivyokuwa nyepesi. Mzee Mcharo hakuimba. Alitembea nyuma ya tenga, mkono mmoja juu ya koti langu, na mara moja nilimsikia akisema, "Polepole penye mawe, nyie! Mnawatikisa." Nikadhani anasema na makande.

Shighatini

Shangazi Nakiete alitungoja barabarani na kikundi chake kizima, wamevaa khanga za kufanana. Walikuwa wanamtegemea mpwa mmoja na boksi moja. Wakaona ukungu unafunguka na kutoa watu zaidi ya ishirini wanaoimba, majembe juu, na katikati yao mtu anayetokwa na majani ya mgomba shingoni.

"Eliamani! Umefanya nini?"

"Shikamoo, shangazi. Twende kwanza ndani, penye moto."

Jikoni kwake watu walisogea kunizunguka nilipofungua boksi. Shangazi alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Niliwatoa mmoja mmoja na kuwaweka kwenye kapu pana karibu na mafiga, nikihesabu kwa sauti. Arobaini na nane walisimama. Wawili walikuwa wamekufa, chini kabisa ya kona ile, na lawama ya hao naibeba mimi. Wangekuwa hai kama ningewaza mlima kabla ya kuwaza koti.

"Arobaini na nane," nikarudia.

Shangazi akapiga kigelegele ambacho nadhani Lembeni walikisikia. Kisha Namkunda akavunja udongo wa chungu, na mvuke ukatoka, na makande yalikuwa bado yanaunguza ulimi. Watu kumi na wawili wakala kwanza, kwa haki yao. Waliotufuata wakapewa ndizi na maziwa na akina mama. Mimi nilikula makande yaliyobaki kwenye ukingo kwa kidole, na mdomo wangu ukafufuka.

Mzee Mcharo alikula, akafuta bakuli, akasema chungu ni cha mke wake, hawezi kukiacha mpaka kioshwe, na sasa giza limeanza kuingia. Shangazi akamwambia alale, kuna nafasi. Halafu wakanitazama mimi, nikawa natetemeka upya, wakanifukuza jikoni nikalale chini ya blanketi tatu. Akina mama walipanga zamu ya kuchochea moto.

Kulipokucha niliamka na nikasikia kitu kibaya: kimya. Hakuna sauti hata moja ya kifaranga. Nilikwenda jikoni pekupeku. Shangazi alikuwa amelala ameegemea ukuta, kuni mkononi, moto umebaki majivu. Kapu lilikuwa tupu.

Nikageuka kutafuta, chini ya vigoda, nyuma ya mtungi, na ndipo nikamwona Mzee Mcharo kwenye kona, amekaa juu ya gunia, magoti yamekunjwa, lile koti la askari limefungwa vifungo hadi shingoni. Koti lilikuwa limetuna kama mfuko wa pamba. Lilikuwa linatikisika lenyewe, hapa na pale, na kichwa kidogo cha njano kilikuwa kimejitokeza kati ya kifungo cha pili na cha tatu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Lakini ongea polepole," akanong'ona. "Huyu wa kwapani ndiyo kwanza amelala."